Buluu Iliyogeuka Zambarau: Tulivyojifunza Kutayarisha Picha za Kuchapa

Wanachama wenzetu na walimu wetu, wengi wenu mlituuliza kwa nini toleo lililopita lilichelewa wiki tatu. Tulikujibuni kwamba matbaa ilikuwa na kazi nyingi. Haikuwa kweli. Matbaa ilimaliza kazi siku ile ile iliyoahidi. Tuliokosea ni sisi, na majalada 300 yaliyoharibika bado yamo kwenye maboksi chini ya kitanda cha mmoja wetu, Al Khuwair. Tumeona afadhali tuyaeleze yaliyotokea, maana kosa hili litamfika kila atakayeshika kazi ya gazeti baada yetu.

Jalada lilikuwa picha ya kanga ya bibi wa mmoja wetu. Sote tunamwita Bibi. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na amekaa Maskati tangu miaka ya sabini. Nyumba yake iko Al Khuwair, si mbali na Msikiti wa Zawawi, na ndipo tunapokutana Alkhamisi jioni, kwa sababu kwake hakuzungumzwi ila Kiswahili, na kwa sababu ya vitumbua vyake. Kanga yenyewe ni buluu na nyeupe, na nyekundu kidogo kwenye pindo. Jina lake hatuliandiki hapa. Bibi amekataa, kwani aliinunua Darajani ili kumjibu jirani, na jirani huyo ana wajukuu wanaosoma chuoni kwetu.

Mwaka jana Bibi alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Lenzi ya jicho inapozeeka huingia umanjano, na umanjano huo huzuia mwanga wa buluu. Mwenyewe hatambui, kwa sababu mabadiliko huja polepole, mwaka baada ya mwaka. Lenzi ya zamani ikitolewa na kuwekwa mpya, buluu hurudi kwa mara moja. Bibi alipofunguliwa bandeji alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akaitoa kanga. "Kumbe ingali buluu hivi!" alisema. Siku hiyo hiyo tuliitandaza kwenye roshani tukaipiga picha, tukasema hili ndilo jalada letu.

Gazeti lilipotoka, nakala ya kwanza tulimpelekea yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Akavaa miwani, akalitazama jalada kwa muda. Akaziba jicho moja kwa kiganja, kisha la pili.

"Hii kanga ya nani?"

"Yako, Bibi."

"Kanga yangu buluu. Hii zambarau." Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Au jicho limeharibika tena?"

Hatukuwa na jibu. Tuliitazama simu, kanga ilikuwa buluu. Tulilitazama jalada, kanga ilikuwa zambarau kweli. Tulimwambia jicho lake zima, kasoro iko kwenye karatasi, lakini tulivyokuwa hatujui kasoro gani, maneno yetu hayakumtuliza. Jicho la kushoto alikuwa apasuliwe mwezi ule. Akaahirisha.

Tulipofika matbaa

Kesho yake tulikwenda matbaa kwa hasira. Matbaa ndilo neno wanalolitumia wazee wetu, na lina historia yake: Sultani Barghash bin Said alianzisha matbaa Unguja karibu na mwaka 1880, na vitabu vya Kiibadhi vilichapwa huko. Sisi tulilisikia neno hili nyumbani kabla hatujaona mtambo wowote wa kuchapa.

Fundi aliyetupokea ni mtu wa makamo kutoka Kerala, na kazi hii ameifanya Maskati zaidi ya miaka 20. Hakubishana nasi. Alitupa lenzi ndogo ya kukuzia, akatwambia tuiweke juu ya jalada. Kanga ilitoweka. Tuliona nukta tu: nyingine samawati kali, nyingine waridi iliyokolea, nyingine manjano, nyingine nyeusi. Hapakuwa na nukta hata moja ya buluu. Kisha akatuonesha mabamba manne ya alumini, bamba moja kwa kila wino, akauliza kwa Kiarabu chake, "Mlileta faili gani? RGB au CMYK?"

Tulitazamana. Faili letu lilikuwa RGB, kama lilivyotoka kwenye simu. Faili la namna hiyo likiingia kwenye kompyuta ya matbaa, programu huligeuza yenyewe bila ya kumwuliza mtu.

"Nilikuulizeni kama mnataka prufu," alisema. "Riyali tano. Mkasema hamna haja."

Alikuwa anasema kweli.

Mwanga na wino

Kioo cha simu ni giza linalowashwa. Ndani yake mna vijitaa vya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu, na hizo ndizo herufi RGB. Vikizimwa vyote tunaona nyeusi. Vikiwaka vyote kwa nguvu tunaona nyeupe. Kila rangi hupewa namba kuanzia 0 hadi 255, yaani daraja 256. Ukizidisha 256 kwa 256, kisha kwa 256 tena, unapata michanganyiko 16,777,216.

Karatasi ni kinyume. Yenyewe huanza nyeupe, na kila wino unaoongezwa hupunguza mwanga unaorudi machoni. Wino wa saiani hunyonya mwanga mwekundu, wa majenta hunyonya wa kijani, wa manjano hunyonya wa buluu. Kwa hesabu, zikikutana zote tatu zingetoa nyeusi. Kwa kweli hutoa hudhurungi ya tope, kwa sababu hakuna wino ulio safi kabisa, ndiyo maana ukaongezwa wino mweusi. Hizo ndizo C, M, Y na K. Hapa hesabu ni ya asilimia, 0 hadi 100 kwa kila wino.

Fikra ya rangi tatu si ya leo. Mwaka 1861, mjini London, mwanasayansi James Clerk Maxwell alionesha picha ya rangi iliyotokana na picha tatu za kitu kimoja. Mpiga picha Thomas Sutton alizipiga kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, kisha zikarushwa ukutani pamoja, kila moja kwa mwanga wa rangi yake. Kilichopigwa picha kilikuwa utepe wa kitambaa cha miraba cha Kiskoti. Tulifurahi kujua kwamba na wao walianza na kitambaa.

Kubwa la kukumbuka ni kwamba RGB ina eneo lake la rangi na CMYK ina lake, na maeneo hayo hayalingani. Kuna buluu kali, kijani kali na rangi ya chungwa kali ambazo kioo hutoa na wino nne haziwezi kuzitoa kamwe. Faili linapogeuzwa, rangi zilizo nje ya eneo la wino huvutwa ndani, zikawekwa kwenye rangi jirani. Lazima jirani achaguliwe. Usipomchagua wewe, mashine itamchagua.

Kwa nini ikawa zambarau

Buluu ya kwenye karatasi hupatikana kwa saiani na majenta. Lakini wino halisi wa majenta hunyonya na buluu kidogo, na wa saiani hunyonya na kijani na buluu kidogo. Basi zikipigwa karibu sawa kwa sawa, buluu huzama na jicho huona zambarau. Tulilifungua faili letu, tukaligeuza kama lilivyogeuzwa matbaa, tukapima sehemu moja ya mji wa kanga. Tulikuta saiani 93, majenta 82.

Fundi alitupa kanuni yake: ukitaka buluu ibaki buluu, majenta iwe nyuma ya saiani kwa asilimia 30 au zaidi. Tuliishusha majenta hadi 60. Kwenye kioo picha ilionekana imepoa, na mmoja wetu akataka kuirudisha ilivyokuwa. Tulimzuia. Tulikuwa tumeshaelewa kwamba tunatayarisha karatasi, si kioo.

Makosa mengine mawili

Tulipolikagua gazeti zima kwa lenzi, tulikuta makosa ambayo hakuna msomaji aliyetulalamikia, ila tuliyaonea haya.

La kwanza lilikuwa picha ya harusi ya mwaka 1958, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa Unguja. Zama zile Mji Mkongwe ulikuwa na wapiga picha hodari. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilikuwa wazi tangu 1930. Sisi tuliiskani picha ile kwa RGB. Ilipogeuzwa, kijivu chake kiligawanywa kwenye wino zote nne, na majenta ilipozidi kidogo tu, bibi harusi na mashoga zake wakatoka na nyuso nyekundu kama walioshinda juani. Picha ya nyeusi na nyeupe iwekwe kwenye hali ya kijivu, ichapwe kwa wino mweusi peke yake. Hapo haiwezi kupotea rangi, kwa sababu haina rangi ya kupotea.

La pili lilikuwa maandishi. Nyeusi ya RGB ni 0, 0, 0. Ikigeuzwa huwa mchanganyiko wa wino nne, na kila herufi hupigwa mara nne. Karatasi ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, herufi ndogo hupata kivuli cha rangi ubavuni, na msomaji mwenye macho mazito huiona kama ukungu. Maandishi yawe K 100 na wino nyingine 0. Eneo kubwa jeusi, kama mandhari ya ukurasa mzima, ni kinyume: K 100 peke yake huonekana kijivu. Hapo huongezwa saiani 60, majenta 40 na manjano 40.

Tunavyofanya sasa

Hizi ndizo hatua tulizoziandika na kuzibandika ukutani kwenye chumba cha klabu.

1. Uliza matbaa kwanza. Karatasi gani, profaili gani, faili la namna gani. Profaili ni faili dogo linaloieleza kompyuta jinsi mtambo fulani unavyotoa rangi kwenye karatasi fulani. Jumuiya ya kimataifa inayosimamia profaili hizi, ICC, iliundwa mwaka 1993. Kwa karatasi inayong'aa, profaili ya FOGRA39 ni moja ya zinazotumika sana. Karatasi isiyong'aa ina profaili nyingine, kwa sababu hunywa wino kama kitumbua kinavyokunywa mafuta.

2. Tafuta picha ya asili. Picha iliyopitia WhatsApp imeshapunguzwa. Ukurasa mzima wa A4, kwa pikseli 300 kila inchi, unataka pikseli 2480 kwa 3508. Angalia pia profaili ya picha yenyewe. Picha nyingi ni sRGB, lakini simu nyingine, kama iPhone tangu namba 7 ya mwaka 2016, hutumia Display P3, yenye eneo kubwa zaidi la rangi. Eneo likiwa kubwa, na kinachopotea wakati wa kugeuza huwa kingi.

3. Fanya marekebisho yote kwa RGB, geuza mwisho. Kata, safisha, ongeza mwanga, kisha geuza mara moja tu. Rangi iliyovutwa ndani hairudi nje hata ukiligeuza faili kuwa RGB tena. Wali ukishapikwa haurudi mchele. Kwa hivyo faili la asili lihifadhiwe pembeni, lisiguswe.

4. Geuza profaili, usibandike. Programu nyingi zina amri mbili zinazofanana. Moja hubadilisha namba ili rangi ibaki ile ile kadiri inavyowezekana. Ya pili huziacha namba zilivyo na kuzibandika maana mpya, na rangi zote huharibika. Sisi tulibandika mara mbili kabla ya kujua. Asiye na Photoshop atumie Krita, ambayo ni bure na ina CMYK. Kupanga kurasa na kutoa PDF, Scribus, nayo ni bure, inatosha kwa gazeti kama letu.

5. Washa onyo la rangi. Programu inaweza kukuonesha, kabla hujageuza, sehemu zipi ziko nje ya eneo la wino. Zitazame moja moja. Hapo ndipo unapomchagua jirani mwenyewe, kama tulivyofanya kwa majenta.

6. Hesabu jumla ya wino. Rangi nne zikiwa 100 kila moja, jumla ni 400, na karatasi haiwezi kuzikausha. Kwa karatasi inayong'aa mpaka huwa kati ya 300 na 330; kwa karatasi ya magazeti ya kila siku, karibu 240. Ukizidisha, ukurasa mmoja huacha alama kwenye mwenziwe.

7. Hifadhi kwa faili linalokubali CMYK. TIFF inakubali, PDF inakubali, na JPEG pia. PNG haikubali. Nembo ya klabu yetu ilikuwa PNG, na kila mwaka mtu huwa anauliza kwa nini inatoka hafifu.

8. Lipia prufu. Uitazame mchana, karibu na dirisha, si chini ya taa ya manjano ya mgahawani. Wachapaji wenyewe hutumia taa maalumu inayokaribia mwanga wa mchana. Sisi tuna jua la Al Khuwair, halina uhaba.

Neno kwa walimu wetu

Kazi hii ilitutaabisha na kwa maneno pia. "Hali ya rangi" ni tafsiri yetu wenyewe. Kama kuna bora, tutasahihishwa. Lakini kwa majina ya rangi zenyewe tulikuta mwalimu ni Bibi. Sisi tukisema "nyekundu", yeye anauliza, nyekundu ipi? Ipo damu ya mzee, iliyokolea. Na buluu ipi? Ya nili si ya samawati. Tulipozipima kwenye kompyuta tofauti alizokuwa akizitaja, tulikuta kila jina lina namba zake mbali. Mtu anayejua kwamba nili na zambarau ni vitu viwili alikuwa mkaguzi bora kuliko sisi tuliosema "bluu tu".

Kanga haina taabu hii

Kuna jambo la kuchekesha katika kisa chetu. Kanga yenyewe ni kitu kilichochapwa. Mombasa, tangu mwaka 1887, biashara ya Kaderdina Hajee Essak imejulikana kwa kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla, na kanga zimepigwa chapa India, Japani, Ulaya na baadaye Afrika Mashariki yenyewe. Kwa kawaida kanga ina rangi chache, mbili, tatu au nne, na kila moja huchanganywa peke yake kabla ya kugusa kitambaa. Buluu hupigwa kwa buluu. Hakuna nukta za saiani na majenta zinazodanganya jicho kwamba ni buluu.

Matbaa nayo ina njia ya namna hiyo. Huitwa rangi maalumu, na mfumo wake maarufu ni wa Pantone, ulioanza mwaka 1963: wino huchanganywa tayari kwa kufuata namba, ukawekewa bamba la tano. Fundi alituhesabia gharama, ikawa riyali 45 juu ya zile za kuchapa jalada upya. Mfuko wa klabu haukuweza. Lakini klabu inayochapa bango la rangi mbili, au kadi yenye nembo tu, inafaa iulizie njia hii kwanza. Huenda ikawa rahisi kuliko rangi nne.

Jalada la pili

Prufu tuliilipia mara hii. Tuliipeleka kwa Bibi asubuhi, tukaiweka dirishani kando ya kanga yenyewe. Kwanza tulimpa lenzi ya fundi na jalada la zamani, tukamwonesha nukta za waridi zilivyojaa. Kisha tukampa lenzi na prufu mpya, nukta za waridi zimepungua. Alitazama kwa muda mrefu. Akaziba jicho la kushoto, akatazama kwa lile lililopasuliwa.

"Haijafika," alisema. Akaigusa kanga. "Lakini sasa buluu."

Hakusema zaidi, nasi hatukumwomba aseme. Kweli haijafika. Buluu ya kanga ile haimo ndani ya wino nne, na jalada mlilolipata ni jirani yake wa karibu tuliyeweza kumpata. Ndipo tulipojua pia kwamba wiki ile ya jalada la kwanza Bibi alikuwa amekwenda kwa daktari peke yake, kwa teksi, bila ya kumwambia mtu, ili apimwe jicho. Daktari alimwambia jicho ni zima. Hakumwamini, kwa sababu jalada lilikuwa linamwambia vingine.

Jicho la kushoto limeshapasuliwa. Bibi ameomba nakala sita za gazeti, moja ya dada yake Michenzani, na akatutaka tuhakikishe zote ni za jalada la pili. Yale majalada 300 ya zambarau bado yapo. Anayetaka karatasi ngumu ya kujalidia madaftari yake aje Alkhamisi, achukue atakazo.